Ambatisha Cheti

Walikutana kwenye duka la kuchapisha karatasi, wiki ya kufunga shule, walimu wamesongamana humo kila mmoja na flashi yake. Mwalimu wa hesabu, gauni lake la bluu limejaa chaki, alikuwa karibu kulia. Mfumo wa matokeo ulikuwa umemeza alama za darasa zima kwa mara ya tatu.

"Jaza kwanza kwenye kompyuta, ndipo uzipandishe," alisema kaka mmoja nyuma yake. "Mtandao huu hauaminiki."

"Wewe je, unaaminika?"

"Mimi nafundisha Jiografia. Sijawahi kupotea."

Alicheka bila kupenda. Tangu siku hiyo akambatiza Ramani, na wakapendana miezi minane.

Kisha mfumo wa watumishi ukamletea mwalimu wa hesabu uhamisho: ukuu wa idara alioutamani miaka mingi, lakini katika mji wa mbali, safari ya siku nzima. Ajibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Jumatano jioni akamwandikia mwenzake: "Ramani wangu, nimepata uhamisho. Nibaki au niende? Neno lako moja tu."

Tiki zikageuka bluu. Jibu hakuna. Akipiga, simu haipatikani. Alhamisi nzima kimya. Mtu amesoma, amenyamaza! Ilimuuma hadi chakula kikamshinda. Ijumaa, saa sita kasoro dakika tano, akiwa kwenye duka lilelile, alibonyeza "Kubali" kwa hasira.

Saa sita na dakika kumi Ramani akaingia anahema, vifungo vya shati vimepishana, tableti ya shule kwapani.

"Mpenzi, usijibu kwanza!"

"Nimeshajibu. Si ulisoma ukanichunia?"

"Sikusoma mimi! Simu yangu iko kwa fundi tangu Jumatano asubuhi. Akaunti yangu niliiacha wazi kwenye hii tableti, na ofisi nzima tunafundishia hii moja. Mama wa Biolojia alikuwa anatafuta picha za mifupa, akaufungua ujumbe wako. Kaona haya kuniambia mpaka leo."

"Ungenipigia kwa simu ya mtu!"

"Namba yako siijui kichwani."

"Miezi minane! Mito yote ya dunia unaijua, namba yangu huijui?"

Wakajaribu kufuta jibu lile. Kioo kikawajibu: "Uamuzi umepokelewa. Hauwezi kubadilishwa." Mwalimu wa hesabu akainamia meza, akalia waziwazi.

"Nipishe," Ramani akasema. Akaketi, akafungua akaunti yake mwenyewe, akaanza kuomba uhamisho wa kwenda mji uleule. Ukurasa ulizunguka, ukakwama, ukazunguka tena. Hatimaye ukauliza sababu. Akachagua "Kumfuata mwenza".

Maandishi mekundu yakatokea: "Ambatisha cheti cha ndoa."

Ramani akamgeukia.

"Sina," akasema. "Utanisaidia kukipata?"

Alifuta machozi kwa kiganja chenye chaki, akavuta kiti karibu naye.

"Kwanza shika namba yangu kichwani. Sifuri, saba..."