Nilimwahidi Mama Gidamis Kaburi la Mumewe Halitaguswa

"Dada Vere, mwambie ashuke! Anamlima baba yangu!"

Gidamis alikuwa ananivuta mkono huku analia. Mwanaume mzima, Mbarabaigi, analia mbele za watu!

Na aliyekuwa juu ya trekta ni Tadei. Mdogo wangu wa tumbo moja…

Jamani, nimekaa na hili miaka arobaini. Leo nalitapika hapa hapa, mnitukane mkipenda.

Mimi ni Verediana, Mwiraqw wa Masieda. Mwaka 1983 nilikuwa mhamasishaji wa vijana kwenye shamba la ngano la serikali, huku Hanang. Kazi yangu ilikuwa maneno tu.

"Vijana, mwaka mmoja tu wa kulitumikia taifa! Posho kila mwezi, sare, chakula, na cheti cha kupatia ajira!"

Nilikuwa naongea, acheni! Tadei nilimwandikisha wa kwanza. Gidamis wa Gendabi alitaka sana, ila mama yake alikataa.

Mama huyo akanipeleka malishoni kwao. Akanionyesha kilima cha udongo kimeota majani. Kwao, mzee wa heshima akifa, ukoo mzima unampandishia udongo miezi na miezi. Pakishakamilika, hapachimbwi tena.

"Hapa yupo mume wangu," akasema. "Nikikupa mtoto, trekta zenu zitafika hapa?"

"Hazifiki, mama. Naapa."

"Umeapa wewe, siyo serikali?"

"Nimeapa mimi."

Akanipa mtoto.

Gidamis alifanya kazi mpaka wakamfundisha trekta. Zikiwa zimebaki siku tisa amalize mwaka, akapangiwa eneo jipya. Alipofika akakuta ni pale pale kwao, penye kile kilima!

Akazima trekta, akashuka.

Msimamizi akamwita Tadei. Tadei akapanda, ndipo Gidamis akaja kunivuta mkono.

Nilikimbia mpaka mbele ya trekta.

"Tadei, shuka! Ni kaburi!"

"Dada, mimi naona kichuguu."

"Gidamis si amekwambia?"

"Kaniambia. Ila nikigoma nakosa cheti. Si wewe uliyesema tuvumilie mwaka mmoja?"

Akanizunguka, akalima.

Gidamis akavua shati la sare, akaliweka chini, akaondoka kwa miguu. Hakugeuka.

Nilipanda ofisini nimejaa hasira. Meneja wetu, mzee Hermani, alikuwa anakunywa chai.

"Nani amesema pale hapana kitu? Nani?"

Akafungua kabati, akatoa karatasi.

Mungu wangu… mwandiko ulikuwa wangu!

Nilipozunguka kuandikisha vijana, ofisi ilinipa na fomu za maeneo, nijaze ardhi ipi inatumika na ipi iko wazi. Mimi mtoto wa wakulima, kwetu mtu anazikwa karibu na nyumba. Nilitafuta nyumba na shamba, sikuona. Nikaandika: "Eneo wazi, halitumiki." Nikasaini.

Niliisaini jioni ile ile niliyotoka kuapa. Kile kilima sikukiwaza kabisa, nilikuwa nahesabu vijana niliopata.

"Umefanya kazi nzuri, binti," Hermani akasema. "Nimekuombea ajira ya kudumu."

Na hapa ndipo mtanichukia…

Niliipokea.

Tadei alipata cheti chake. Gidamis hakupata kitu, na ndugu zake wakamwona msaliti aliyewaletea trekta. Alihama, sijui yuko wapi.

Mama yake nilikutana naye mnadani.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama vizuri, akanipita. Nilimwamkia kila tulipoonana, miaka kumi na moja, mpaka anakufa. Hakuitikia hata siku moja!

Vijana, mkiitwa kutumikia taifa mwaka mmoja kwa posho, nendeni. Bado nasema ni jambo jema. Ila ulizeni mnakwenda kufanya kazi kwenye ardhi ya nani.

Na wewe unayewaita, usimwapie mama wa mtu kitu ambacho hujakiandika popote. Mimi niliapa kwa mdomo, halafu nikamfuta mumewe kwa kalamu yangu mwenyewe.