Chungu Chenye Masizi

Miaka michache kabla Wadachi hawajatweka bendera yao Bagamoyo, nilipanda bara na msafara wa pembe. Mume wangu, Mwishehe, alibeba mzigo. Mimi niliwapikia wapagazi kumi na mmoja, na mwanangu Tatu mgongoni, hajaanza kutambaa.

Mwezi wa nane wa safari tukafika Lualaba. Mto, lakini ng'ambo yake ni kama moshi tu. Niliyaonja maji nikitarajia chumvi.

Magharibi nikateremka kuteka. Kata yangu ya kifuu ilikuwa imepasuka asubuhi. Wenyeji walishatuonya: hapa teka kwa kata, usichovye chungu chenye masizi. Mwenye mto hapendi.

"Rudi ukaazime kata, mama Tatu," alisema Bimdogo, mpishi mwenzangu. "Au mwenye mto ndiye atakayetupikia?"

"Akipika yeye, mimi nitalala."

Akacheka, akaondoka. Kambi ilikuwa juu kilimani. Miguu yangu imevimba.

Nikachovya chungu.

Vyura wakanyamaza...

Ikaja harufu ya majivu mabichi. Mwanamke alisimama mtoni, maji kiunoni, pale ambapo pondo za wenye mitumbwi hazigusi chini. Uso wake umepakaa masizi.

Masizi yangu.

"Umechoka, mwenzangu," akanong'ona, kwa Kiswahili cha kwetu. "Mizigo miwili. Nikushikie upi?"

Tatu hakulia. Alimnyooshea mkono.

"Shika chungu," nikasema.

Akakipokea. "Ukikitaka, nitakuletea."

Tulirudi pwani salama. Mwaka wa tatu baada ya kurudi, jioni moja, nilivunja chungu cha wali. Nikanung'unika peke yangu, "Laiti ningekuwa na kile cha zamani."

Asubuhi nilikikuta mafigani. Kimejaa maji baridi, matamu. Kisima chetu kina chumvi. Chini ya chungu, hata alama ya masizi hakuna.

Bimdogo alikuja kukitazama. Hakukaa.

"Umekiita mwenyewe?" akauliza kwa sauti ya chini.

Kabla sijajibu, Tatu akaingia.

"Mama, kuna shangazi mlangoni. Nguo zake zinachuruzika. Anasema chungu amekwisha kurudisha, sasa mikono yake mitupu."

Nilikwenda. Hapakuwa na mtu... Kizingiti kimelowa, cheusi.

Tatu ana miaka minne. Nimemfunga mgongoni kwa kaniki, napika naye, nateka maji naye. Leo siku ya tisa. Mgongo unaniuma.

Simshushi.