Ndunge Aliyeachwa Kambini

Jambo la kwanza lilikuwa kikohozi, na Kisilu akailaumu spika. Angelaumu nini kingine? Alikuwa fundi wa simu na televisheni pale Kathonzweni, na fundi akisikia sauti asiyoijua hutafuta bisibisi kabla ya kumtafuta Mungu.

Kikohozi kilitoka kwenye gemu aliyocheza nyumbani kila jioni. Ilikuwa gemu ya mashujaa na mazimwi. Mchezaji hupewa wenzi wa safari, huwapa majina anayotaka, kisha humchagua mmoja tu wa kuandamana naye. Waliobaki hukaa kambini kando ya moto, wakimsubiri. Watu wengine huwapa wenzi hao majina ya wachezaji wa mpira. Kisilu aliwapa majina ya marehemu wake. Mganga mwenye fimbo akamwita Syokau, jina la mamake. Mwanamke wa shoka akamwita Ndunge, jina la dadake.

Ukambani jina la marehemu si la kuchezea. Linamsubiri mtoto. Nzilani, mkewe Kisilu, alikuwa na mimba kubwa, na ilijulikana kwamba akizaliwa msichana ataitwa Syokau, maana msichana wa kwanza hubeba jina la mama wa baba. Ndunge hakuwa na mtu wa kumbebea jina. Alikufa bila mume wala mtoto. Ndiye aliyeacha shule mama yao alipofariki, akapakia mchanga kwenye malori mtoni ili Kisilu asome. Vumbi lilimmaliza kifua. Alipougua alikuwa akijifukiza majani ya mwarobaini na kutuma salamu chuoni, naye Kisilu akajibu kwamba atakuja mitihani ikiisha. Ikaisha, akaja, akakuta kaburi. Ndiyo shukrani ya wasomi wetu.

Labda alidhani anamlipa kwa kumweka kwenye kioo. Mwanzoni alimchagua Ndunge kila siku, akavuka naye mabwawa na mapango, mpaka alipogundua kwamba Syokau huponya majeraha na shoka haliponyi chochote. Akamwacha Ndunge kambini. Hapo ndipo kikohozi kilipoanza.

Harufu aliisikia Nzilani.

"Umechemsha mwarobaini?" akauliza.

"Sijachemsha kitu."

"Basi hii nyumba inanuka nini?"

Kisilu alijua. Akaongeza sauti ya gemu.

Jioni moja stima ilipotea wakiwa wanakula. Kioo kikazimika, mashine ya gemu ikanyamaza, na katika kimya hicho kikohozi kikaendelea, kikavu, cha mtu anayejizuia asiwasumbue wenye nyumba, kikatoka kwenye kona ya televisheni, kikaja nyuma ya kiti cha Nzilani, kikashuka taratibu hadi usawa wa tumbo lake, na mtoto akaruka humo ndani kwa nguvu hata sahani ya muthokoi ikamtoka Nzilani mikononi.

"Kavisi kakwa," sauti ikasema. Kijana wangu mdogo. Hakuna mwingine duniani aliyewahi kumwita Kisilu hivyo. "Leo umemchagua nani?"

"Usijibu," Nzilani akanong'ona. "Kisilu, tafadhali, usijibu hiyo kitu."

Lakini Kisilu alikuwa tayari analia. "Wewe," akasema. "Nimekuchagua wewe."

Kikohozi kikakoma papo hapo.

Asubuhi walimwita jirani yao Halima, fundi cherehani ambaye babake alikuwa maalimu kule Mwingi. Halima aliyasomea maji, akanyunyiza kila pembe, kisha akamgeukia Kisilu kwa hasira.

"Huyo si dada yako. Dada yako amelala, muache alale. Hiyo ni jini. Imepata jina halina mtu, imelivaa, sasa inatafuta mwili. Na wewe umeikaribisha! Mtoto akizaliwa mpeni jina lake haraka. Hilo la Ndunge msimwite nalo, hata alie namna gani. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Kisilu aling'oa nyaya, akaitupa mashine kwenye choo cha shimo nyuma ya nyumba. Harufu ikatoweka. Nzilani alianza tena kulala vizuri.

Akazaliwa msichana. Shangazi za Kisilu walikuja kumpa jina, na mara tu walipomwita Syokau, mtoto akafungua kinywa akalia, akalia mchana na usiku, akakataa ziwa, akakonda hadi mbavu zikahesabika. Daktari alimpima asione ugonjwa.

"Amekataa jina," shangazi wakasema, kama walivyosema mama zao. "Jaribuni lingine. Nani mmemsahau?"

"Msijaribu," Halima akasema kutoka mlangoni. "Nzilani, nakuomba. Vumilia."

"Nivumilie nini? Ni wako anakufa?"

Ilikuwa adhuhuri, jua kali, kuku wakichakura uani, na Kisilu akamchukua mwanawe aliyekuwa mwepesi kama leso, akamtazama yule kiumbe asiye na kosa lolote, akakumbuka onyo la Halima neno kwa neno, akakumbuka pia kaburi alilolichelewa, na woga wa kuchelewa tena ukamshinda, akainama sikioni mwa mtoto akasema, "Ndunge."

Mtoto akanyamaza. Akatafuta ziwa, akanyonya kwa pupa. Shangazi wakapiga vigelegele. Halima alivaa ndala zake akaondoka bila kuaga.

Nzilani alicheka huku akilia, akainamia kichwa cha mtoto ambusu. Kicheko kikakatika. Nywele zile laini zilinuka mwarobaini.

Mtoto akaachia ziwa. Akakohoa, kikohozi kikavu, cha mtu anayejizuia asiwasumbue wenye nyumba. Kisha akamgeuzia Kisilu macho yasiyo ya kitoto na kumtazama kwa utulivu, kama mtu aliyekaa sana kando ya moto na sasa amefuatwa.

"Huyu si wangu," Nzilani akasema polepole. "Kisilu, wangu yuko wapi?"

Kisilu alikuwa amegeukia uani. Kule nyuma ya nyumba, chini kabisa ya shimo la choo, mtoto mchanga alikuwa akilia.