Daktari wa Mutheu

Mwaka wa 1974 Ndila aliishi katika nyumba za polisi mjini Nyeri, mbali na kwao Kitui. Mumewe, askari Mbuvi, alikuwa amehamishiwa kituo cha mbali cha Doldol. Alikuja nyumbani mara moja tu kwa mwezi.

Kila asubuhi Ndila alifua nguo nje. Binti yao wa miaka mitatu, Mutheu, alikaa mlangoni akiwatazama watoto wenzake wakikimbizana. Akijaribu kuwafuata, kifua kilianza kulia kama filimbi, naye akarudi akihema.

Ndila aliumia moyoni. Alitamani mama yake angekuwa karibu, amwulize, "Mama, nifanye nini?" Lakini huku ugenini angemwuliza nani? Alinunua dawa ya kikohozi dukani. Hata chupa ya tatu ikaisha, mtoto bado hajapona.

Siku moja jirani yake Gathoni, ambaye kazi yake ilikuwa kupima watoto uzito kliniki, alisimama akasikiliza kile kifua.

"Mama Mutheu, huyu ameonwa na daktari gani?"

"Hakuna. Nampatia dawa ya duka."

"Ati ya duka? Na mwenye duka hajasikiliza kifua yake! Hapa mjini kuko na daktari wa watoto. Amesomea watoto peke yao. Anakuja hospitali kila Alhamisi."

"Lakini mimi sijui mtu huko."

"Si lazima ujue mtu. Kuja kliniki kwetu, utaandikiwa barua ya kumwona. Beba kadi yake ya chanjo na hizo chupa zote. Angalia pia kifua inambana wakati gani. Lakini akishindwa kupumua, usingoje Alhamisi. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo."

Alhamisi ilipofika, Ndila alikaa kwenye benchi hospitalini, barua ya kliniki mkononi na Mutheu mapajani. Daktari Kefa hakuwa na haraka. Alisoma kadi, akatazama chupa, akasikiliza kifua mbele na nyuma.

"Kinambana wakati gani?"

"Asubuhi kukiwa na baridi, daktari. Na nikiwasha jiko ndani ya nyumba."

"Umeangalia vizuri, mama. Hii ni pumu. Jiko likae nje. Dawa hii mpe kama nilivyoandika. Baada ya wiki mbili mrudishe kwangu mimi mwenyewe, ili nijue anaendeleaje."

Ndila aliinamisha uso. Tangu aondoke kwao, hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anamlea mtoto wake vizuri.

Alirudi baada ya wiki mbili, kisha akarudi tena. Daktari alipunguza dawa, akaandika kila kitu kwenye kadi.

Mwisho wa mwezi wa tatu tangu dawa ianze, Mbuvi alifika na mfuko wake begani. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akashtuka.

"Mutheu yuko wapi? Amelazwa?"

Ndila alikuwa ameingoja siku ya kusema neno hili.

"Anacheza," alisema.