Hodi ya Tatu

Haya yalimpata shoga yangu Umi, mjane anayekaa peke yake Rasbura, pale Lindi mjini. Mtaa wao umenyamaza. Majirani wamefuata watoto wao Dar, mmoja mmoja, na kila anayeondoka humwachia Umi ufunguo. "Unifagilie tu, mwanangu, nyumba isife." Hajarudi hata mmoja.

Basi kila jioni Umi huzunguka na ufagio, funguo kazifunga pindoni mwa khanga. Kuingia kimya nyumba ya mtu hawezi, hata kama ni tupu. Hupiga hodi tatu kama alivyofunzwa, husikiliza, ndipo afungue.

Jioni moja alirudi amechoka, akajifungia ndani. Baada ya Magharibi umeme ukakatika. Mara akasikia mlangoni, "Hodi." Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Karibu," akajibu.

"Hodi."

"Karibu, nipo," akasema kwa nguvu.

"Hodi." Kisha kikapita kimya cha mtu anayesikiliza.

"Nilijibu, shoga," aliniambia. "Wallahi nilijibu mpaka sauti ikanikauka."

Mlango ukafunguliwa. Gizani hakuona mtu, ila alisikia ufagio ukikwaruza sakafu, chumba hadi chumba, mpaka ukapita juu ya miguu yake bila kusita. Akalia, akaita. Ufagio haukusimama. Mwisho mlango ukarudishwa, na ufunguo ukazungushwa kwa nje.

Umi akapapasa pindo la khanga. Funguo zote zilikuwamo, pamoja na ule wa nyumba yake.