Baba wa Mahafali

Jamani, nisikilizeni, hasa ninyi mnaofundisha na ninyi mnaosomesha watoto. Haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo, nilikula, na nilitia sahihi.

Nyumba ya Segundo Toaquiza ilikuwa nyumba ya amani. Yeye na mkewe Hortensia walilima viazi na shayiri mlimani, wakalea wasichana wawili. Jumapili baada ya misa ungewakuta uani wakimenya maharage mabichi na kutaniana, baba akijigamba kwamba Maribel, binti yake mkubwa, akishakuwa mkunga atamzalisha hata ng'ombe wa padri. Maribel alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo chetu cha ukunga, wa kwanza katika ukoo ule kufika huko. Mimi, Blanca Iza, nilikuwa mmoja wa walimu wake.

Amani hiyo ilivurugika wiki ya mtihani wa vitendo. Tulikaa watahini watatu mbele ya sanamu ya mama anayejifungua. Mtoto ameshatoka, kondo la nyuma bado. Hapo mkunga husubiri kondo lijiachie lenyewe, na macho yake hayabanduki kwa mama. Maribel alishika kamba ya kitovu akaivuta kwa nguvu.

"Mbona umevuta?" nikamuuliza.

"Sijui, mwalimu. Niliogopa kukaa bila kufanya kitu."

Tulimwandikia arudie muhula. Hakulia. Alisema asante, akakunja koti lake jeupe akaondoka.

Baba yake ndiye aliyechanganyikiwa. Alikuwa ameshaalika ukoo mzima na bendi ya tarumbeta. "Nitawaambia nini watu?" alimuuliza mkewe. "Kwamba mtoto amefeli? Si watatucheka mpaka tuzikwe?"

Kwetu milimani, mwenye shida na mkubwa haandiki barua. Anabeba sinia: simbilisi wa kuchoma, vile vinyama kama sungura tunavyofuga jikoni, kuku mzima, viazi na mayai. Mwenyeji akila, ombi limekubaliwa, na kuanzia hapo ninyi ni ndugu, mnaitana kompadre. Kwa hiyo Jumamosi adhuhuri Segundo na Hortensia walibisha kwa Dokta Efraín Bastidas, mkuu wa idara yetu. Mimi nilikuwepo, nimempelekea ratiba.

"Dokta, tumekuja kukusumbua kidogo," alisema Segundo, kofia mkononi. "Mtoto wetu hana baba wa mahafali."

Bastidas akafunua kitambaa. "Lo! Segundo, simbilisi hawa umewalisha nini? Wamenenepa kunizidi!"

"Majani tu, dokta. Majani na upendo."

Wakacheka. Dokta akachukua kipande, akatafuna. Yakaisha. Sasa niambieni, baba wa mahafali, anayemsimamia mhitimu kama mzazi wa pili, atamwangushaje binti yake mwenyewe?

"Mwalimu Blanca, usitutazame hivyo, karibu paja," akasema Hortensia. Nilikula. Lilikuwa tamu, sidanganyi.

Badala ya kurudia muhula mzima, mtihani wa marudio ukapangwa Jumanne. Jumatatu mchana Maribel aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Mwalimu, naomba kesho uniangushe."

"Acha utani, mwanangu."

"Sitanii. Daftari langu la mazoezi linasema nimezalisha akina mama thelathini. Nimewaona wanne, na hao niliwashikia taa tu. Dokta alisaini kurasa zote siku moja, amekaa kwenye gari lake, injini inanguruma."

Nililijua hilo. Bastidas alikuwa akifundisha vyuo vitatu. Wodini, ambako ndiko alikopaswa kusimama na wanafunzi, hakuonekana.

"Na baba yako?" nikauliza.

"Baba atanuna mwaka mmoja, kisha atanisamehe. Sahihi zinazotakiwa ni tatu, mwalimu. Yako ikikosekana, narudia. Nakuomba."

Ndugu zangu, mwanafunzi alikuwa amenirahisishia kazi kiasi hicho. Lakini mkataba wangu ulikuwa unaisha Agosti, na wa kuuongeza alikuwa Bastidas. "Utajifunza hukohuko kazini," nikamwambia. "Sote tulijifunza hivyo." Ulikuwa uongo mtupu. Mimi nilifundishwa na mwanamke mkali aliyenishika mikono miwili mpaka nikaacha kutetemeka.

Jumanne Bastidas aliuliza maswali matatu. La kwanza lilikuwa mimba ni miezi mingapi. "Safi sana, binti yangu!" Sanamu haikutolewa hata kabatini. Mtahini wa pili, mzee aliyekuwa akisaini chochote kinachowekwa mbele yake, alisaini. Nami nikasaini. Maribel aliitazama kalamu yangu mpaka nilipoiweka chini.

Sherehe ilikuwa kubwa. Bastidas alimvisha pete ya mahafali, akacheza na Hortensia. Maribel alikaa kwenye kiti chake cha maua kama mtu anayesubiri basi.

Kila mkunga mpya kwetu hupelekwa shamba mwaka mmoja kabla ya kupata kazi ya kudumu. Yeye alipelekwa Yanapamba, kituo cha vyumba viwili, peke yake. Mwezi wake wa tatu huko, siku ya soko, saa nne asubuhi, aliingia Lourdes Chusín na uchungu wa mtoto wa tatu. Mtoto alitoka salama, msichana, akalia vizuri. Kondo likachelewa. Lourdes akaanza kusema anasikia baridi, mama mkwe akapiga kelele, "Fanya kitu basi, wewe si umesoma?" Na Maribel akashika kamba, akavuta.

Mfuko wa uzazi ulitoka nje pamoja na kondo. Damu haikukatika. Gari la wagonjwa lilichukua saa mbili kupanda mlima, na lilipofika hapakuwa tena na mgonjwa.

Wiki iliyofuata Aurelio, mume wa Lourdes, alikuja chuoni na mtoto mgongoni. Alitukuta ukumbini, Bastidas na mimi. Segundo alikuwa ametangulia kufika, amekuja kumwombea binti yake msaada.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," alisema Aurelio. "Nani alimfundisha yule msichana?"

"Chuo kilimfundisha kila kitu," akajibu Bastidas. "Daftari lake lipo, uzazi thelathini. Kosa ni lake mwenyewe."

Segundo akamshika mkono. "Kompadre, sema basi. Sema ukweli, mtoto atafungwa."

"Toa mkono wako. Hapa hakuna kompadre, hapa ni chuoni."

Aurelio alinigeukia mimi. "Na wewe, mama? Ulijua kwamba hajui?"

"Nilijua," nikasema.

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alisema tu, "Basi niambie niwaambie nini wale wawili nyumbani." Mtoto akaanza kulia kwa njaa, Aurelio akaondoka naye.

Maribel hakufungwa, lakini alinyang'anywa leseni. Yuko kwa wazazi wake. Mwanamke wa jirani akishikwa na uchungu, yeye hujifunika blanketi kichwani mpaka kelele ziishe. Baba yake anasema ni yeye mwenyewe aliyemwua binti yake angali hai, na hakuna wa kumbishia, mkewe hamsemeshi. Nilikwenda kuwaomba radhi. Maribel alinifungulia mlango, akanitazama, akaufunga taratibu.

Yanapamba walipelekewa mkunga mwingine. Wanawake wakauliza, "Ni wa chuo kilekile?" Waliposikia ndiyo, wakabaki kujifungulia majumbani. Wameshazika wawili tangu hapo. Nilipeleka malalamiko kwa maandishi, yakapokelewa, yakagongwa muhuri. Bastidas bado ni mkuu wa idara, na mwezi uliopita nimeona masinia yakiingia kwake tena. Mkataba wangu uliongezwa.

FUNZO

Mwalimu akitia sahihi anasema: nimemwona huyu akifanya. Kama hukumwona, usiseme. Asiyekuwepo kwenye karamu yenu ndiye atakayelipa, na hamtamjua jina mpaka amekufa.

Wazazi, mnapomgeuza mwalimu kuwa ndugu yenu kabla ya mtihani, mnamnyima mtoto mtu wa kumwambia ukweli. Shukuruni baadaye, akishajua kazi. Na ninyi walimu wenzangu mnaohofia mikataba, msijidanganye kwamba kunyamaza kwenu ni kudogo. Sahihi zilikuwa tatu, na moja tu ingetosha kuzuia.

Mwanafunzi akija kukwambia hajui, mshike mikono umfundishe. Huyo ndiye mwaminifu kuliko wote chuoni. Kwetu alikuwa mmoja tu, na ndiye tuliyemwadhibu.

Lourdes Chusín alikuwa na miaka ishirini na sita. Watoto wawili wa kwanza aliwazaa nyumbani bila tatizo. Huyu wa tatu alikuja kituoni kwa miguu yake, kwa sababu alisikia kuna mkunga aliyesoma.