Kigogo cha Pili

Mama Hosiana, jirani wa upande wa mgombani, aliisimulia habari ile kisimani kana kwamba alikuwepo. Kwa maneno yake, Anyosisye dereva alisimamisha lori Tukuyu, akanywa pombe ya kimpumu mpaka macho yakaiva, kisha akapanda mlima na tela lililojaa mpunga huku anasinzia.

"Ndiyo maana tela likarudi nyuma," alisema. "Likamsaga mdogo wake wa tumbo moja mguu. Pombe haina ndugu."

Tukuswiga aliyasikia yote, ndoo kichwani. Anyosisye ndiye baba yake, na hakuwa mnywaji. Lakini alikijua kilichotokea, basi akaongeza mwendo kwenda nyumbani.

Miaka ile wafanyabiashara walikuwa wameanza kuruhusiwa kununua mpunga wenyewe, na lori la Mzee Lazaro, mmoja wao, lililala uani kwa kina Tukuswiga, kijijini Ikolo. Kila alfajiri ya safari, baba alipasha injini moto, na baba mdogo Andongwisye alikaza kamba za turubai. Tukuswiga, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa na kazi moja tu: kuhakikisha vigogo viwili vinaning'inia kwa kamba kwenye ndoano zake, kimoja ubavuni mwa lori, kingine nyuma ya tela. Gari likizima mlimani, vigogo hivyo huwekwa nyuma ya matairi ili lisirudi.

"Swiga, vigogo?" baba aliuliza kila mara.

"Viwili, baba."

"Ndaga, mwanangu," alimshukuru.

Basi akaondoa gari bila kushuka kutazama.

Mwezi wa nne maji yalifurika. Sakafu ya darasa ikawa tope, na madawati hayakutosha. Wenzake walikuja na vigoda na matofali. Jumatatu jioni Tukuswiga alifungua kigogo cha tela, na kesho yake akakikalia darasani. Alinuia kukirudisha siku hiyohiyo, lakini mvua ikamkimbiza, akakiacha shuleni.

Jumatano alfajiri baba akauliza, "Swiga, vigogo?"

Alitazama ndoano tupu. Akisema, baba atafoka, na safari itachelewa.

"Viwili, baba."

Andongwisye, ambaye hakuna aliyemfikia kwa kucheza ng'oma, ngoma ya kwao, Ikolo nzima, alipiga hatua mbili za ngoma kwenye tope, akamkonyeza. "Nakuletea viazi vya Uporoto. Ila usivifakamie peke yako, tumbo likaja kutushinda kulibeba."

Tukuswiga hakucheka.

Juu ya Tukuyu kulikuwa na ukungu na utelezi. Kwenye mwinuko mkali injini ikazima. Andongwisye aliruka chini, akaweka kigogo cha kwanza nyuma ya tairi la lori, akakimbilia tela. Akakuta ndoano tupu. Akainama kuokota jiwe. Kigogo kimoja hakikuuweza uzito ule wote. Kikateleza, na tela likamrudia. Hospitalini walimkata mguu wa kulia.

Siku ya tatu Mzee Lazaro alikuja uani. Majirani nao wakasogea, Mama Hosiana akiwa mbele.

"Anyosisye, lete funguo. Mlevi hapandishi mali yangu mlimani."

"Sikunywa, mzee. Kigogo cha tela nadhani kilidondoka njiani. Nilipaswa kuangalia."

"Kidondoke na kamba yake?"

Baba alitoa funguo mfukoni, akamkabidhi. Tukuswiga akageuka, akakimbia njia ya shule.

Aliporudi, kigogo kilikuwa kichwani, tope likimchuruzika shingoni. Akakitua miguuni pa Mzee Lazaro.

"Hakikudondoka," alisema. "Nilikichukua nikakikalie shuleni. Baba aliniuliza, nikasema viko viwili."

Mama Hosiana alijifanya anakaza khanga. Mzee Lazaro akakitazama kigogo, kisha akazirudisha funguo kwenye kiganja cha baba na kukifumba kwa mkono wake mwenyewe.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema.

Baba hakumchapa Tukuswiga. Kesho yake walikwenda hospitalini kwa basi, na njiani alisema polepole, "Kigogo ningekusamehe kabla injini haijapoa. Lakini ulinipa neno la uongo, nami nikalipandisha mlimani na mtu juu yake. Mimi nina kosa langu, sikushuka kuangalia, na nitalibeba. Wewe kumbuka: ukweli unaochelewesha safari ni bora kuliko uongo unaoiwahisha."

Andongwisye alikuwa amelala chali. Upande mmoja wa shuka ulikuwa umelala bapa. Tukuswiga alimweleza yote, bila kuruka kitu. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba mdogo, naomba unisamehe."

Andongwisye aligeuza uso ukutani. Baba akasimama mlangoni, akasubiri. Tukuswiga hakuinuka.

"Baba mdogo," alisema tena, "naomba."